Mtani wa Baba

Roza Budeba alipoteza jina lake kwenye rundo la masweta ya mtumba, sokoni Soweto, Mbeya, Desemba, mvua ikinyunya na matope yakimlamba vifundo. Wengine hupoteza simu pale. Afadhali simu.

Alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kushoto wa sweta jekundu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu, kofia ya sufu imemfika nyusini, viatu vyeupe ambavyo hakuna mwenye akili angevivaa sokoni siku ya mvua.

"Dada, achia. Hili nimelikonyeza tangu juzi."

"Sweta halikonyezwi, linalipiwa."

"Mbona lenyewe limenijibu?"

Muuzaji, aliyekuwa amechoka na dunia nzima, akawaambia kama ni wachumba wanunue moja wavae kwa zamu. Kijana akacheka, akaachia.

"Chukua. Mimi Mhehe wa Tosamaganga, baridi ni ndugu yangu wa tumbo moja. Naitwa Vitus Kalinga. Na wewe kabila gani, mbishi hivyo?"

Kwa watu wengine swali hilo ni kama kuulizwa umeamkaje. Kwa Roza lilikuwa mwiba. Babu yake alitoka Shinyanga akiswaga ng'ombe, akatua bonde la Usangu. Baba yake, mzee Budeba, alikulia humo, na Roza mwenyewe alizaliwa nje kidogo ya Igawa, malori ya Zambia yakipita barabarani. Igawa waliwaita watu wa kuja. Mara moja alipelekwa Shinyanga kwenye harusi, binamu zake wakamcheka Kisukuma chake na kumwita wa Usangu. Na Iringa, kwenye shule ya bweni alikokuwa akisoma kidato cha tano, akiingia bwaloni kuna wasichana waliolia kama ng'ombe. Siyo kwa sauti kubwa. Kwa kiasi cha kumfikia yeye tu.

"Mnyakyusa," akasema. "Roza Andendekisye." Jina la pili lilikuwa la msichana aliyelala kitanda cha juu yake bwenini.

"Ugonile."

"Ndaga," akajibu, na Kinyakyusa chake chote kikaishia hapo. "Nimekulia mjini mimi."

"Basi umepona. Ungekuwa Msukuma ningekutania mpaka uombe poo. Sisi zamani tulipigana na Wanyamwezi mpaka tukawa watani, na Msukuma na Mnyamwezi ni damu moja. Yaani ningekuwa na kibali."

Roza akacheka, akalipa, akavaa sweta. Ukimwona ungesema amependeza, na kweli alipendeza.

Likizo ikachukua mwendo wake. Asubuhi aliosha vyombo kwa shangazi Esther, dada wa baba yake, na kusoma kurasa chache za Jiografia kwa ajili ya dhamiri. Jioni alijikuta, kwa bahati ambayo haikuwahi kukosea, mbele ya kibanda ambako Brayson, kaka yake Vitus, alitengeneza simu. Vitus naye alikuwa likizo kwa kaka yake, akisoma Iringa kidato cha sita. Palikuwa na benchi na muuza chipsi, na wapenzi wa umri huo hawahitaji zaidi. Katikati ya siku ilikuwa simu.

"Unafanya nini?"

"Nachagua mchele."

"Mawe mengi?"

"Machache kuliko maneno yako."

"Ukimaliza basi nichague na mimi."

"Wewe nikikuchagua habaki mtu kwenye ungo."

"Kabakie hata kapunje kamoja, mrembo. Kaite mume."

"Kaite nani? Kamalize kidato cha sita kwanza."

Alikata simu akicheka, kisha akajitazama kwenye kioo cha shangazi, kile chenye ufa. Andendekisye alikuwa msichana mwepesi. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na bonde, hakuna aliyemlilia bwaloni. Roza alianza kumpenda kuliko alivyowahi kujipenda mwenyewe, na hilo ndilo lilimtisha. Kila siku alijiambia kesho atamwambia Vitus ukweli. Kesho ni shemeji mkarimu, hana siku anayokufukuza.

Mzee Budeba alikuja Jumamosi. Alishuka na basi kutoka Igawa, blanketi la mistari begani, fimbo kwapani, raba za matairi ya gari miguuni, galoni la maziwa ya mgando mkononi. Shangazi hakuwepo nyumbani. Majirani, kwa wema wao, wakamwelekeza kwenye kibanda cha simu.

Roza alikuwa na chipsi mdomoni alipomwona. Kwao binti humsalimia baba akiwa amepiga magoti, pawe na tope au pasiwe na tope. Magoti yake yalikunjika yenyewe, nusu. Akayanyoosha.

"Nani yule anakutazama?" Vitus akauliza.

"Mchunga ng'ombe wa shangazi. Analetaga maziwa."

Hakusema kwa sauti ya chini vya kutosha. Mzee alikuwa amefika. Akasimama, akamtazama binti yake kwa utulivu, kama mtu anayetazama mawingu kujua mvua iko wapi. Kisha akatua galoni.

"Ndiyo, kijana. Maziwa haya, dada. Mama mwenye nyumba akirudi mwambie nimefika."

Dada. Hivyo ndivyo alivyomwita.

Vitus yeye alikuwa ameshasikia lafudhi, na macho yakamng'aa. "Mtani. Umemwachia nani ng'ombe? Nasikia kwenu ng'ombe akiugua anapelekwa hospitali, mke akiugua anaambiwa anywe maji."

"Wewe Mhehe?"

"Kabisa."

"Ndiyo maana mbwa wa mtaa huu siwaoni." Mzee akaketi kwenye benchi, mahali pa Roza. "Nilifikiri wamehama, kumbe wameliwa."

Wakacheka hadi Brayson akachungulia. Wakataniana hadi chipsi zikapoa, kijana na mzee, kama waliolelewa pamoja, na Roza amesimama pembeni akiwa hana pa kuingilia. Hao ndio wanaume wawili aliowapenda kuliko wote duniani, na wamependana mbele ya macho yake, na yeye ndiye peke yake asiyeruhusiwa kucheka. Walipeana hadi namba za simu. Mzee akaondoka akiwa hajamtazama tena.

Zikafuata siku mbaya. Shangazi alipopewa habari alimmiminia Roza yale maziwa kikombe kizima, akaondoka na kumwacha ayanywe peke yake. Vitus naye, bila kujua, akawa anatia chumvi kwenye kidonda.

"Jana nimempigia mtani wangu kumuuliza hali ya wake zake, nikimaanisha ng'ombe. Anakusalimia."

"Mimi?"

"Kila nikimpigia anakuuliza. 'Yule binti hajambo? Anakula?' Mzee ana roho yule. Mbona umenuna?"

"Naumwa kichwa."

"Mpenzi, wiki nzima kichwa? Au nimekuchosha?"

"Niache, Vitus."

Aliamua. Krismasi angekwenda Igawa, apige magoti uani mbele ya kila mtu, kisha arudi amwambie Vitus, liwalo na liwe. Alinunua hata kitambaa cha kumpelekea mama.

Krismasi ikiwa inakaribia, mzee Budeba alikuwa akivusha ndama barabara kuu. Ukungu ulikuwa umeshuka, na malori ya Zambia hayakupunguza mwendo. Ndama walivuka wote.

Roza alizima simu, akapanda basi na shangazi. Mbeya, Vitus alipiga namba yake hadi akakata tamaa, akaamini ameachwa. Na mtu aliyeachwa hutafuta wa kucheka naye, basi akampigia mtani wake. Akapokea Mika, mtoto mkubwa wa mzee.

"Mzee hatunaye, kaka. Tunazika kesho."

Mhehe akipata habari ya msiba wa mtani hakai. Akaja.

Roza alikuwa mkekani kati ya wanawake, khanga imemfunika hadi puani, aliposikia ile sauti ikiingia uani bila hodi.

"Nani kamruhusu huyu kulala mchana? Ng'ombe wako kwenye mpunga wa watu, yeye amejifunika. Mvivu wewe. Umenikimbia deni la matusi."

Wazee wa Kisukuma wakaguna, kisha mmoja akacheka na machozi yakamtoka hapo hapo, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani. Vitus akachukua fimbo ya marehemu, akatembea kama yeye, bega moja juu, akiwafokea ndama wasioonekana. Ua mzima ukawa unalia na kucheka.

"Sasa mtani ana kiu. Binti wa marehemu yuko wapi anipe maji?"

"Yule pale," Mika akasema. "Roza."

Roza akafunua uso.

Fimbo ikabaki hewani. Watu walisubiri neno linalofuata, wakidhani ni sehemu ya utani.

"Andendekisye," Vitus akasema, taratibu.

"Roza Budeba. Huyu ni baba yangu."

Vikongwe wakatazamana. Nani hapo asiyejua?

Vitus akailaza fimbo kando ya jeneza, akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Mtani akilia msibani kazi imemshinda, lakini hakuna aliyemcheka.

Baada ya maziko Roza alimsindikiza hadi stendi ya Igawa, vijana wakiyakimbilia mabasi, vitunguu na mahindi ya kuchoma mikononi. Walitembea bila kugusana, Roza akimsimulia habari za wasichana wa bwaloni.

"Alikuambia?" Roza akauliza.

"Hata siku moja. Nilimuuliza, 'Mtani, yule binti mnafahamiana?' Akasema, 'Yule ni mtoto wa watu, amelelewa vizuri.'"

Roza akasimama. Ilimchukua muda kuinua mguu mwingine.

"Nilitaka nije Krismasi nimwombe radhi."

"Na mimi?"

"Siku hiyo hiyo."

"Roza, kabila silo. Ungesema Msukuma ningekutania, ungenitukana, tungeoana tukitukanana. Lakini mkwe hataniwi. Mkwe anaheshimiwa. Wewe umenikalisha na mkwe wangu nikamtania kama mchunga, ukanitazama."

"Yeye kanisamehe."

"Yeye ni baba."

Basi la Mwanza kwenda Mbeya likaingia, likipuliza moshi. Vitus akavua kofia, akaivaa tena.

"Shule zikifunguliwa nitakuwa Iringa. Nikikuona nitakuita jina lako lote, mbele ya hao wasichana wa bwaloni. Ukiitika, tutaona."

"Na nisipoitika?"

"Nitajua nimemwita mtu nisiyemfahamu."

Akapanda. Mlangoni alipishana na kikongwe aliyekuwa akishuka, kifurushi kichwani, miguu imevimba kwa safari ndefu kutoka kaskazini. Kikongwe akashangaa kulia na kushoto katikati ya wauza vitunguu, kisha akamwona Roza.

"Mjukuu, wewe ni wa hapa?"

"Ndiyo, bibi. Ni wa hapa."

"Natafuta msiba wa Budeba. Wanasema alikuwa na binti msomi. Unawajua?"

Dereva alipiga honi, basi likaanza kusogea. Roza hakugeuka kutazama madirisha. Alipokea kifurushi, akakitwika, akamshika kikongwe mkono wakavuka barabara kuu polepole, akitazama huku na huku.

"Twende nyumbani, bibi," akasema. "Binti mwenyewe ni mimi."