Chaki ya Mkaguzi

Haya yalimpata rafiki yangu Wachira, fundi wa magari pale Kapsoya. Mteja wake, Mzee Kipyego, alitaka kujua gari kuukuu la babake liliundwa kiwanda gani. Wachira akabandua kava ya mlango, na ndani akakuta nambari 214 iliyoandikwa kwa chaki, na tiki ya mkaguzi wa kiwandani. Akapiga picha, kisha kwa mazoea ya fundi akaipangusa ile chaki kwa kitambaa.

Stima ikapotea. Alikuwa amefunga gereji kwa sababu ya mvua, kwa hivyo giza lilikuwa totoro. Akasikia chaki ikikwaruza, polepole, nyuma yake.

Stima iliporudi, Chebet wa hoteli ya jirani akasukuma mlango akaingia na chai, akacheka. "Wachira, nani amekuandika 214 mgongoni?"

Wachira akavua ovaroli. Nambari iko kwenye shati pia. Akavua shati, na Chebet akaacha kucheka. Nambari ilikuwa kwenye ngozi, na tiki ilikuwa bado inachorwa.