Chumba Kisicho na Kitasa kwa Ndani

Nilipiga mlango kwa viganja viwili mpaka vikawaka moto.

"Chiriku! Nifungulie! Chiriku, nakufa humu!"

Kimya.

Na alikuwepo, jamani! Chini ya mlango niliona uzi wa mwanga, na juu ya uzi ule vivuli vya miguu miwili vikapita... vikasimama... vikaenda zao.

Nikahisi sakafu ikitetemeka kidogo. Kiti kimevutwa. Amekaa!

Mjukuu wangu niliyemlea tangu ana meno mawili, amekaa hatua nne kutoka nilipo. Na hafungui!

Wanangu, kabla hamjaanza kumtukana huko kwenye maoni, kitendawili!

Najua mmesema tega.

Nyumba yangu haina mlango.

Eeh, yai. Hata mtoto wa chekechea analijua. Lishikeni hilo yai mkononi, msiliangushe, nitawaomba mwishoni.

Sasa tuanze vizuri.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini na moja mguu wangu uko kwenye pedeli. Mjukuu wangu huyu nilimwita Chiriku kwa sababu alianza kuimba kabla ya kusema. Akipewa kijiko, anagonga sufuria. Akinyang'anywa kijiko, anagonga meno.

Alipokua, kugonga kukawa kazi. Anatengeneza muziki wa gemu.

Mnicheke tu, na mimi nilicheka. Gemu lina muziki gani?

Wako watatu. Yupo kijana anayeandika programu zake, wanamwita Mhandisi. Yupo dada mmoja, Mchoraji. Hao wanakaa mji mwingine, safari ya siku nzima. Chiriku wangu ndiye sauti. Hawana kampuni wala ofisi, wana ubishi tu wa kwenye simu.

Gemu lenyewe ni kamtu kekundu kasiko na uso, kanakimbia. Vyumba, vyumba, vyumba. Nyuma yake milango inajifunga, pa! pa! pa! Kakichelewa kidogo, kamebanwa, kamekufa.

Siku ya kwanza kunipa nijaribu, nilikufa mara kumi na tisa chai ikiwa bado ya moto.

"Bibi, usitazame! Sikiliza. Ngoma ndiyo inakwambia lini uruke. Pigo la nne, ruka!"

"Sasa macho niyapeleke wapi?"

"Yafumbe!"

Nikafumba. Nikasikia... hee! Ta-ta-ta-TA. Ta-ta-ta-TA. Si pedeli yangu hiyo?

"Umeniibia cherehani!"

"Nimekurekodi ukishona sare za shule, bibi. Nikaongeza kasi."

Nikavuka vyumba sita nimefumba macho. Mchezo mdogo?

Basi, studio yake ilikuwa stoo ndogo ndani ya chumba chake. Ukutani kabandika vipande vya magodoro na mablanketi, mpaka ukiongea humo sauti yako inafia mdomoni. Mlango nao kauvisha godoro. Swichi ya taa iko nje.

Na kitasa cha ndani alikitoa.

"Kinacheza cheza, bibi. Nikirekodi kinasikika ti-ti-ti."

"Na mtu akijifungia?"

"Ndiyo maana kuna pasi. Ukiingia, tanguliza pasi."

Pasi yangu ya mkaa! Pasi iliyonyoosha mashela ya maharusi wa mtaa mzima, leo ndiyo jiwe la kuzuia mlango. Nilinuna siku mbili.

Tulikaa hivyo kwa raha zetu, mpaka siku aliponiambia ile habari.

"Bibi, muziki ukikamilika, Mhandisi na Mchoraji wanataka nihamie kwao. Tukae pamoja, tuanze gemu la pili."

Sindano ikanichoma.

Mnajua kwa nini? Mama yake Chiriku, mwanangu wa kumzaa, naye aliondoka na begi moja. Alisema anakwenda kazini mbali, wiki mbili tu. Mwaka wa kumi na tisa sasa. Salamu zilikuja, zikapungua, zikakatika. Sijui nilie msiba au nisubiri mgeni.

Kwa hiyo nikacheka, nikamwambia "hongera mjukuu wangu", nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Kilibaki kitu kimoja tu muziki ukamilike. Nadhani mtanicheka tena.

Kilibaki ukimya.

"Kabla ya mlango wa mwisho," Chiriku alinieleza, "ngoma yote inakata ghafla. Lakini ukimya wa kompyuta umekufa, bibi. Mimi nataka ukimya unaopumua. Nitaweka maiki stoo, nirekodi chumba chenyewe saa nzima. Wewe nenda kwa jirani, mimi nitembee kidogo. Nyumba isiwe na mtu! Jioni hii natuma kila kitu."

Jioni hii!

Kwa jirani nilifika, nikakaa kama niliyekalia misumari. Nilipoona kisogo cha Chiriku kimepinda kona, nikaaga.

"Mbona chai hujanywa?" jirani akauliza.

"Nimeacha maharage jikoni."

Uongo. Jikoni hakukuwa na hata moto.

Nikachukua mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia vitambaa vizito.

Ndiyo. Mimi! Bibi yenu mnayenipenda kwa vitendawili. Niliingia kwenye chumba cha mjukuu wangu na mkasi, niukate waya wa maiki. Akose ukimya wake, achelewe, wale wenzake wachoke, watafute chiriku mwingine. Abaki na mimi.

Nikausukuma mlango wa stoo. Pasi nikaiona hapo chini. Niitangulize? Mwizi gani anaacha mlango wazi, aonekane na kila apitaye dirishani? Nikaingia, nikaurudisha kwa mgongo.

Klik.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitasa.

Wanangu, msiombe. Giza kama ndani ya gunia. Nikapapasa, nikakuta godoro. Nikapapasa kule, godoro. Nikaita, sauti ikafia mdomoni.

Kifua changu kina pumu, na dawa yangu ya kuvuta iko chini ya mto. Joto likaanza kupanda, pumzi ikaanza kuwa nyembamba.

Nikakaa chini, mgongo mlangoni. Nikaongea peke yangu.

"Ee Mungu, nimekuja kuiba, nimenaswa. Nilitaka tu asiende. Mama yake alikwenda. Huyu naye akienda, nitamshonea nani?"

Baada ya muda nisioujua ndipo ule uzi wa mwanga ukatokea chini ya mlango. Karudi, kawasha taa! Nikasimama, nikapiga, nikaita, na yaliyofuata mmeyasoma pale juu.

Miguu ikapita. Kiti kikavutwa. Hakufungua.

Ndipo nikapata jibu langu la kijinga. Ameona mkasi haupo mezani kwangu. Amejua! Ananiadhibu!

Nikakasirika, jamani. Hasira ya mwenye kosa ndiyo hasira kali kuliko zote.

"Kumbe una roho hiyo? Haya! Nitakukatia kweli!"

Nikapapasa mpaka nikaupata waya. Nikaupitisha katikati ya meno ya mkasi. Nikabana kidogo... nikasikia ngozi yake inakubali...

Pumzi ikakata.

Mkasi ukaniponyoka. Nikaurudia mlango, nikaegemea kwa mgongo nisianguke. Viganja vimekwisha, lakini kwenye kidole nilikuwa na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Godoro la mlangoni lilikuwa limebanduka pembeni, kukabaki mbao tupu. Nikagonga hapo.

Ta. Ta. Ta. TA.

Mkono wenyewe ukaingia kwenye mwendo wa pedeli. Hofu ikipanda, mkono unakimbia. Ta-ta-ta-TA! Ta-ta-ta-TA! Macho nimefumba, nakaona kale kamtu kekundu, milango inajifunga nyuma yake, na mimi ndiye kamtu.

Mara, mlango ukanisukuma mgongoni!

Nikajua ndio ananikandamiza kabisa. Nami nikausukuma! Ukanisukuma, nikausukuma. Kumbe bibi mzee nilikuwa na nguvu hivyo!

Halafu nikasikia nyuki.

Kinyuki kidogo, kinalia gizani. Kwenye zile hedifoni alizowatundikia waimbaji, ili aongee nao akiwa nje kwenye kompyuta. Nikanyoosha mkono, nikazivuta, nikazisogeza sikioni.

"...bibi! Bibi, unanisikia? Sogea mbele! Mlango unafungukia ndani. Unauegemea wewe! Bibi, tafadhali, uachie mlango!"

Nikauachia.

Hatua moja tu. Moja!

Mwanga ukamwagika kama maji. Chiriku akaniangukia, tayari ana dawa yangu mkononi.

"Vuta, bibi. Vuta tena. Polepole."

Nilipopata pumzi, kitu cha kwanza nilichosema si asante.

"Mbona ulikaa ukaniacha?"

"Nilivaa hedifoni, bibi! Nilikuwa namalizia ngoma ya chumba cha tisa, sauti iko juu. Maiki niliiacha iendelee mpaka saa itimie. Mara nikaona kwenye kompyuta mstari wa ukimya unarukaruka. Nikasema panya ameingia! Nikafungua sauti ya maiki nimsikie huyo panya..."

"Ukanisikia mimi."

"Nikakusikia wewe, kupitia ule waya."

Ule waya!

Wanangu, nilikaa sakafuni nikautazama. Waya ule ule niliobana kwa mkasi. Ningeongeza nguvu kidogo tu, mstari ungelala, Chiriku angemalizia ngoma yake taratibu, na angekuja kunikuta... basi, tuyaache.

"Uliingia kufanya nini, bibi?"

"Kufagia."

"Na mkasi?"

Niliangalia dari.

Hakuuliza tena. Lakini jioni ile nilimwona amevaa hedifoni, anasikiliza ile saa nzima tangu mwanzo. Machozi yanashuka, hayafuti. Ee Mungu wangu. Kila nililolisema gizani, yeye alikuwa amelirekodi!

Usiku aliniletea mkasi, ameufunga kwa kitambaa.

"Uliusahau huu kwenye ukimya wangu," akasema. Akakaa miguuni pangu. "Bibi, mimi si mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingekuja na mkasi. Ungekuja na maneno."

Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa maharage. Akacheka na kulia pamoja.

Kesho yake nilimwita seremala, akarudisha kitasa ndani. Mwezi huo huo nilimshonea Chiriku begi lenye mifuko saba, nikamsindikiza mwenyewe. Nilirudi nyumbani, nikakaa mbele ya cherehani siku tatu bila kushona. Sitawadanganya kwamba iliuma kidogo.

Miezi mitano ikapita. Gemu likatoka. Jirani akanijia mbio.

"Bibi wa Chiriku! Watu wanagombana mtandaoni! Chumba cha mwisho hakivukiki! Mlango haufunguki!"

"Lete simu."

Nikavaa miwani. Nikafa, nikafa, nikafa, nikafika. Chumba cha mwisho, cheusi. Na ngoma ikaanza...

Nikaishika meza.

Kastabini! Chuma juu ya mbao. Ta-ta-ta-TA, na kila kamtu kanavyousukuma mlango, inagonga kwa kasi zaidi. Kamtu kanasukuma, kuta zinasogea, kamekufa. Dunia nzima inasukuma, inakufa!

"Umeona?" jirani akasema. "Wametuibia! Mlango ni wa uongo!"

Nikafumba macho. Nikakumbuka kale kanyuki gizani.

Nikainua kidole kwenye kioo. Nikaacha.

Ngoma ikakata.

Ukimya. Lakini ukimya unaopumua, wapendwa... pumzi nyembamba ya kizee, inaingia, inatoka. Yangu. Kamtu kekundu kakarudi hatua moja nyuma.

Na mlango ukafunguka.

Jirani alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakabweka.

Nikampigia Chiriku.

"Umepita, bibi?"

"Nimepita."

"Wa kwanza! Mhandisi alibisha kwamba hatapita mtu mpaka mwezi uishe. Nikamwambia, yupo mmoja anaujua huo mlango."

"Na yale maneno niliyoyasema humo ndani?"

"Yapo kwangu. Si ya gemu hayo. Huwa nayasikiliza nikikukumbuka. Bibi, kitasa bado kinacheza cheza?"

"Kinalia ti-ti-ti."

"Kiache hivyo hivyo. Ijumaa nakuja, nataka kukirekodi."

Haya, rudisheni lile yai langu.

Nyumba ile haina mlango, ndiyo. Lakini mmewahi kujiuliza kifaranga anatokaje? Anagonga mwenyewe. Kuku akishaatamia inavyotosha, kazi yake iliyobaki ni kusogea kidogo. Kuku anayeng'ang'ania kukalia yai linalogongwa kwa ndani, anamkalia mwanawe.

Mnaowaegemea watoto milango kwa kisingizio cha mapenzi, sogeeni hatua moja. Moja tu.

Mimi naenda kununua mafuta ya cherehani. Kitasa sikipaki, nimekatazwa.