Aliyevuka Mto na Kasiva

Kila asubuhi Kasiva na kaka yake Nzau walishuka mtoni, nje kidogo ya Kambu, kuchota maji kwenye visima vya mchangani. Njiani walisimuliana hadithi ile ile: jinsi marehemu mama yao alivyovuka mafuriko akiwa amembeba Kasiva, mgonjwa hoi wa malaria, kwa leso ya buluu. Leso hiyo waliiona kama jana. Hadithi iliwashibisha, maskini, kuliko hata uji wa anti Mwongeli, aliyeolewa na baba yao baadaye.

Jioni moja Kasiva alimsomea baba yake, Mzee Mutunga, insha ya siku ya wazazi kuhusu hadithi hiyo. Mzee alikuna kichwa.

"Mwanangu, mafuriko hayo yalikuja mama yako akiwa ameshatuacha mwaka mzima."

"Lakini nilimwona!"

"Hata mimi!" Nzau alidakia. "Baba, kuna video kwa simu inasema mambo yaliyopita hubadilishwa kisiri. Watu wanabaki wakikumbuka dunia ya zamani. Labda huko mama alikuwa hai."

Kasiva alitamani iwe kweli. Bila hadithi hiyo, angebaki na nini cha mama?

"Hakuna aliyeibadilisha dunia," baba alisema. "Mimi nilikuwa safarini na lori. Muulize anti yako alipata wapi lile kovu la mguuni."

Kovu hilo Kasiva aliliona kila siku, asiulize hata mara moja. Mwongeli aliweka kando ungo wa ndengu.

"Ni jiwe la mtoni, siku nilipokuvusha," alisema polepole. "Leso ilikuwa ya mama yako. Ulikataa kubebwa kwa nyingine."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mkimkumbuka kwa furaha. Ningewanyang'anyaje?"

Kasiva alilia, aibu na mapenzi vikimjaa kifuani.

"Hamkudanganya," baba aliwatuliza. "Mlimpenda, mkasimuliana mpaka mkaona. Ila watu wawili kukumbuka sawa si ushahidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwulizeni aliyekuwepo, kisha mshukuruni anayestahili. Mama yenu hatapungukiwa na kitu."

Siku ya wazazi, insha ya Kasiva ilikuwa na mama wawili: mwenye leso na mwenye kovu. Kesho yake Mwongeli alishuka nao mtoni. Alipoinama kujitwika mtungi, Kasiva alimshika mkono.

"Mwaitu," alimwita, kama watoto wa Ukambani wanavyowaita mama zao, "leo acha nibebe mimi."

Mwongeli alijifanya ananawa uso.