Aliyechujwa Maabarani

Maji yalipoanza kuchemka, Fauzia alisikia harufu ya ubani. Aliinamia bika la kioo, akanusa tena. Asidi ya benzoiki aliyoikuta imegeuka rangi ya kahawia kabatini ilikuwa ikiyeyuka taratibu, na mvuke wake ulinukia kama chetezo.

"Umefukiza, Jumwa?"

"La, mwalimu. Nilidhani ni wewe."

Jumwa alikuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote katika shule ile ya wasichana, Msambweni. Mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa umekaribia na asidi nyingine haikupatikana, hivyo wakabaki alasiri hiyo kuisafisha. Walitia mkaa wa unga unyonye uchafu, wakachuja ingali moto, wakaiacha ipoe. Fuwele zikajitunga, nyeupe, nyembamba kama sindano. Fauzia alimwaga taka, ule mkaa na uchafu wake, kwenye sinki.

"Bado haijatakata," alisema. "Turudie."

"Mwalimu, tuiache," Jumwa alinong'ona. "Kuna mtu anashusha pumzi mle ndani."

"Ni kioo kinapoa, mwanangu. Chuja."

Jumwa akachuja. Tone la mwisho lilipodondoka, msichana alianguka chini kama gogo, macho wazi, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume mzee, yenye kukwaruza, iliyouliza polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini: "Nani amenisafisha?"

Hospitali haikuona ugonjwa. Jumwa hakula, hakunywa. Ngozi yake ilipoa, na kila alipofutwa midomo, kitambaa kilitoka na unga mweupe. Mama yake, Bi Dama, alimleta Mzee Matano, mganga wa Kombani. Alisoma, akafukiza, akamsemeza yule mgeni aliyekuwa ndani ya Jumwa hadi jasho likamtiririka.

"Huyu alifungwa ndani ya uchafu," alisema mwishowe. "Bila taka zake hafungiki tena. Ziko wapi?"

Fauzia, aliyekuwa kando ya kitanda, alijibu: "Nimezimwaga."

"Basi hatoki bure. Ataka kiti kingine, mwili wa mtu mwingine wa kukalia."

Bi Dama alimshika Fauzia mkono, hakupiga kelele. "Mwalimu, mwanangu alikwambia muiache. Nifanyeje mimi? Nimzike?"

Fauzia alimtazama Jumwa, ambaye kifua chake kilikuwa kikipanda kwa shida na kukawia kushuka, kikikawia zaidi kila mara, huku ile sauti ikicheka chini chini kooni mwake bila midomo kutikisika, na harufu ya ubani ikijaa chumbani hadi machozi yakawatoka wote, na asione mlango wowote uliobaki ila mmoja. Akapiga magoti, akaushika mkono ule wa baridi.

"Niingie mimi," alisema. "Mwache mtoto."

Kicheko kikakatika. Jumwa alikohoa, akageuza shingo, akamwona mama yake.

"Mama, nina kiu."

Bi Dama alilia kwa sauti, akamkumbatia mwanawe. Mzee Matano hakufurahi. Alikuwa akimtazama Fauzia.

"Wasikia chochote, mwanangu?"

"Sisikii kitu, mzee. Alhamdulillahi." Na kweli hakusikia kitu, hata harufu.

Adhana ya magharibi ilimkuta nyumbani. Alitia udhu, akatandika mswala, akainua mikono. Alitaka kuanza Alhamdu, sura aliyofundishwa na nyanya yake kabla hajajua kuvaa viatu, lakini neno la kwanza halikuja. Alingoja. Akajaribu tena, akilazimisha ulimi, na ulimi ukageuka wenyewe taratibu kinywani mwake, ukasema kwa upole:

"Hayo tusiyasome."