Kikohozi cha Gari la Mghenyi

Chembe-fagio zilipoingia katika nozeli ya kwanza, Mhandisi Tabitha Mghenyi alisimama mbele ya kioo cha ukutani kilichoonyesha ndani ya injini, mikono kifuani, akizitazama kama mama mkwe anayekagua jiko la mkamwana.

Zilikuwa mashine ndogo kuliko vumbi. Kizibo kimoja cha chupa kilibeba mamilioni yake, zikielea ndani ya mafuta ya rangi ya asali. Ulikimimina kizibo hicho ndani ya tenki la dizeli, ukawasha gari, basi. Chembe zilisafiri zenyewe hadi kwenye nozeli, zikang'ang'ania kuta zake na kukwangua masizi mpaka chuma kikang'aa. Enzi za wazee watu walinunua dawa ya nozeli dukani, wakaimimina na kumwachia Mungu. Chembe-fagio hazikuhitaji dua. Zilimaliza kazi, kisha zikabaki humo humo kwenye tenki zikilinda, uchafu usipate pa kukaa tena.

Na uchafu ulikuwepo, tena wa kutisha. Nozeli nzima hurusha dizeli kama ukungu, ikaungua yote. Hizi zilikuwa zinadondosha kama bomba bovu, ndiyo maana injini iligonga na kufuka moshi mweusi. Kwenye kioo, vitundu vyake vilionekana kama dohani la tanuri la mikate. Tabitha alitabasamu peke yake. Yeye ndiye aliyezibuni chembe hizo, na hakuwahi kuzipa kazi ngumu kama hii.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya baba yake, marehemu Mghenyi, aliyesomba alizeti kutoka mashambani hadi viwandani maisha yake yote. Singida ya sasa ilijaa magari ya umeme yaliyopita kimya, yakila nguvu ya mapanga ya upepo kule vilimani, na magari ya dizeli yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba gari litakalotoa moshi siku ya ukaguzi litaingizwa kwenye kinu cha kusaga vyuma. Ukaguzi ulikuwa Jumanne. Tabitha alikuwa amefunga safari kutoka Dodoma kuliokoa gari hilo kwa ajili ya mama yake. Hakumweleza atafanyaje, alitaka kumshangaza. Mama naye hakuuliza mengi. Alisema tu gari liwe limerudi Jumapili.

Uchafu ule ulikuwa na historia. Mwaka mmoja dizeli iliadimika, Mghenyi akaanza kuchanganya na mafuta ya alizeti, yale yale ya kukaangia. Mafundi walimwonya kwamba anaziua nozeli. Akawajibu kuwa gari lake ni la Singida, halina budi kula alizeti. Dizeli ikarudi, yeye hakuacha. Kila alipopita mtaani moshi wake ulinukia maandazi, na watoto, Tabitha akiwamo, walilikimbilia gari wakimeza mate. Nozeli nazo zikazibika kidogo kidogo, mpaka injini ikawa na kikohozi chake: kho, kisha kimya, kisha kho-kho.

Tangu mzee afariki, jirani yao, fundi Hango, alilichukua gari kila Jumapili mchana, akaenda nalo mpaka kwenye kona ya miamba na kulirudisha. Tabitha aliamini ni kwa ajili ya betri.

Jumapili hiyo alimwambia Hango apumzike, akaliendesha mwenyewe. Injini ilivuma kama cherehani mpya. Alipita kwenye miamba, akaingia getini, akazima, akakaa ndani akingoja kusifiwa. Hakuna aliyetoka. Akasubiri, kisha akasikia harufu ya kitu kinachoungua, akakimbilia jikoni.

Mama yake, Bi Nyaso, alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa unga mapajani, macho dirishani. Sufuria jikoni lilikuwa limekauka na kuanza kubadilika rangi.

"Mama, maji yameisha."

"Nasubiri gari. Hango leo amechelewa."

"Gari nimelileta mimi. Liko uani."

Bi Nyaso aliweka ungo chini, akatoka, akagusa boneti na kuikuta ya moto. Alimwomba aliwashe. Tabitha aliwasha, na mama akainamisha kichwa akisikiliza, kama mtu anayebisha hodi na kungoja sauti ya ndani. Kisha akasema hilo si gari la mumewe.

Tabitha alianza kumweleza habari za masizi, na ukungu, na kinu cha vyuma. Mama alimwacha amalize, maana alimlea kwa adabu na yeye mwenyewe alikuwa nayo.

"Baba yako hakuwahi kula ugali wa baridi," alisema. "Nilikuwa nachemsha maji, nangoja. Likikohoa kule kwenye miamba, natia unga. Akimaliza kunawa, ugali uko tayari. Najua amekufa, mwanangu. Nimemzika mimi, sijarukwa na akili. Lakini kila Jumapili, kutoka kwenye miamba mpaka hapo getini, alikuwa anakuja."

Tabitha alimkumbuka baba yake kwa nguvu ambayo hakuijua tangu siku ya mazishi, mikono yake yenye grisi, kucheka kwake. Naye ndiye aliyekwangua kilichobaki cha mtu huyo, tena kwa tabasamu. Akasema ataitafuta sauti ile kwenye kumbukumbu za familia, ataweka spika.

"Sauti ninayo kwenye simu," mama alijibu. "Haitoki kwenye miamba."

Jumanne gari lilipita ukaguzi, na mkaguzi akalisifu mpaka akachoka. Bi Nyaso alikuwa anamngoja binti yake uani, chupa ya mafuta ya alizeti mkononi. Tabitha alimwambia ukweli wote: hata akimimina pipa zima, chembe zitafagia kila punje ya masizi, maana ziliumbwa zisichoke. Na ukaguzi ungerudi, moshi nao ungeonekana, na safari hiyo asingekuwa na la kuwaambia wakaguzi.

"Mpaka wakati huo Mungu ni mkubwa," mama alisema. "Zitoe."

Mhandisi alifungua kidhibiti mkononi mwake na kuziamuru chembe zizimike, amri ambayo aliitunga lakini hakuwahi kuitoa. Wakamwaga mafuta yote ya tenki, wakatia dizeli mpya, na mama mwenyewe akamimina alizeti, taratibu, kama anayetia mafuta kwenye kikaango.

Gari liliwaka bila kikohozi, kimya vile vile. Lakini nyuma yake harufu ya maandazi ilijaa ua, na Tabitha akajikuta analia waziwazi.

"Mama, masizi hayarudi kesho. Itachukua miaka."

Bi Nyaso alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni kubandika maji.

"Nenda nalo mpaka kwenye miamba," alisema. "Kumsubiri nimezoea."