Nta Kooni mwa Kidomo

Kidomo cha saksafoni kilikuwa na joto kabla ya midomo ya mtu kukigusa.

Fundi wa ala hakulijali hilo. Saa tisa alasiri mpwa wake angeshindania kiti kimoja kilichobaki katika bendi, na saksafoni hii, iliyonunuliwa kwa mjane wa mpigaji aliyekufa ghafla, ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

"Mjomba, kinanisukuma," alinong'ona binti. "Nikipuliza, nacho kinapuliza."

"Kila kidomo hukataa pumzi kidogo, mama. Kisipokataa, hakina sauti. Au hujala?"

"Nimekula. Hebu kinuse. Kinanuka mtu."

Kilinuka kinywa cha mgonjwa. Fundi alikimulika, akaona donge la nta lenye nywele limekazwa kooni mwa kidomo. Hakujiuliza aliyelikaza alikuwa akimfungia nani humo ndani. Alilikwangua lote kwa kisu, likaanguka sakafuni.

"Uchafu tu. Haya, puliza, waone wivu."

Binti akapuliza. Sauti ilitoka nene na tamu, bila kizuizi chochote, nayo haikukoma. Mjomba alitabasamu mpaka alipoona mashavu ya mpwa wake yamebonyea, kifua kimezama, macho yamemtoka, ndipo akaikamata saksafoni na kuivuta kwa nguvu zake zote, midomo ya binti ikachanika wala isibanduke, damu ikatiririka hadi vitufeni na sauti ikazidi kunenepa kana kwamba imenyweshwa, naye akashika nyundo, akakipiga kidomo pale pale menoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikapasuka pamoja na meno mawili ya mbele, na sauti ile ikakatika kwa yowe la mwanamume.

Fundi alimpakata mpwa wake katikati ya vipande na damu.

"Pumua, mama. Nakuomba, pumua."

Binti alifumbua macho. Shingo ilimvimba kwa jitihada za kuvuta hewa, lakini kinywani mwake mlitoka pumzi tu, ndefu, ya moto, yenye harufu ile ile.

"Mjomba," alisema kwa shida, "kinanisukuma."

Fundi alilitazama koo la binti. Kisha akanyoosha mkono, akaiokota nta sakafuni, akaanza kuilainisha viganjani huku analia.