Uzi Mwekundu Kwenye Plagi

Gari la Temuulen lilichemsha mbele ya lango la gereji, katikati ya foleni ya Ulaanbaatar, siku ya baridi ambayo hata ndevu za watu zilikuwa zimeganda. Uyanga, fundi wa gereji hiyo, alitoka na ovaroli yake ya kijani, kofia ya manyoya imemfunika hadi kwenye nyusi, akafungua boneti na kucheka.

"Kaka, injini umeifunika au umeizika?"

Blanketi la sufu, ambalo kila dereva wa mjini hutandika juu ya injini majira hayo, lilikuwa limeshuka mbele na kuziba rejeta yote.

"Nimelishona mwenyewe, dada," alisema Temuulen, ambaye kazi yake ilikuwa kushona viatu vya sufu.

Uyanga alichukua kisu, akalikata ili hewa ipite. Kijana akabaki anaitazama mikono ya fundi huyo, hana haraka ya kwenda popote.

Siku ya Jumanne Temuulen alirudi, injini inatetemeka. Uyanga alikuta waya wa plagi umelegea, akaukaza. Ijumaa alirudi tena, safari hii na koti jipya na chupa ya chai ya maziwa yenye chumvi. Waya uleule.

"Gari lako linanipenda," alisema Uyanga.

"Limeiga kwa mwenyewe."

Wakaanza kupigiana simu kila jioni, wakiitana mpenzi kwa utani, kisha bila utani. Lakini Dugar, mkuu wa gereji, hakuwa na utani. "Gari lile likirudi, vua ovaroli yangu," alimwambia Uyanga. "Wateja wanasema nimeajiri fundi asiyejua kukaza waya."

Temuulen hakuyajua hayo. Akarudi, anatabasamu. Uyanga aliinamia injini, na pale kwenye waya wa plagi akaona uzi mwekundu wa kushonea viatu umenasa. Gereji nzima hakuna mshona viatu. Moyo ulimchoma. Alivua ovaroli, akaitupa juu ya boneti.

"Nimepoteza kazi ili wewe upate kunitazama," alisema, akaondoka.

Siku tatu hakupokea simu zake. Siku ya nne Dugar ndiye aliyempigia.

"Rudi, binti. Huyu kichaa wako amesimama langoni tangu asubuhi, anamwambia kila mteja kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilegeza waya. Wanamcheka, na sasa wote wanakutaka wewe."

Alirudi, akamkuta Temuulen kope zimeganda barafu, masikio mekundu. Hasira ilikuwepo, ila hamu ya kumwona ilikuwa kubwa zaidi.

"Si ungesema tu unataka kuniona?"

"Niliogopa ungenikataa. Gari hulikatai."

"Na leo lina nini?"

"Leo ni zima kabisa. Nimekuja kuuliza baba yako anashinda nyumbani siku gani. Wazee wangu wanataka kumletea kitambaa cha bluu."

Wazee wa kijana wakikifikisha kitambaa hicho cha hariri nyumbani kwa msichana, wamekuja kuposa. Uyanga alifungua boneti, akabonyeza nyaya za plagi mmoja mmoja hadi wa mwisho. Zote zilikuwa zimekazwa.

"Jumapili," alisema. "Na humu usiguse kitu."